Kofia Sitini, Fundi Mmoja

Nyumbani kwa Bi Wahida, Bagamoyo mjini, uzi haukosekani. Uko kwenye mkeka, uko kwenye kanga, na siku nyingine unaukuta mpaka ndani ya kikombe cha chai. Bi Wahida anashona kofia za mkono. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na shangazi.

Lakini hashoni peke yake. Mtaani kwao kofia moja hupita mikono minne. Bi Chausiku huchora maua kwa penseli juu ya kitambaa. Bi Wahida na wenzake hushona matobo, yale matundu madogo yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja. Bi Mgeni huunga kipande cha juu na ukanda wa pembeni. Shamsia hufua, hutia wanga na kupiga pasi. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, na macho hayarudi yalivyokuwa.

Ikiisha, hupelekwa dukani kwa Mzee Abdullatif. Mji mzima huziita "kofia za Abdullatif". Mwenyewe ukimpa sindano, hata kifungo hawezi kukishona.

Jambo hilo halikumuudhi mtu. Mzee Abdullatif ni mtu wa haki, hadhulumu mali ya mtu. Ila alikuwa na neno lake moja. "Jina la mke wa mtu halianikwi sokoni," alikuwa akisema. Wanawake waliona hiyo ni heshima, na kweli ilikuwa heshima. Lakini ilikuwa na hasara yake, na hasara hiyo haikuonekana mpaka siku ilipobisha hodi.

Bi Wahida ana binti, jina lake Huda. Ana miaka ishirini na miwili, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa mama yake. Mwaka huo kazi ya kofia ilikuwa imepungua sana, kwa sababu kofia za mashine zilijaa madukani. Mke wa mjomba wake, aliyeko Maskati, akapiga simu. Alikuwa amempatia Huda kazi ya nyumbani kwa watu. Pasipoti ilishatoka. Ilibaki miezi miwili asafiri.

"Usiende, mwanangu," Bi Wahida alimwambia.

"Mama, nikikaa nitafanya nini? Nipe kazi, nikae."

Bi Wahida aliinama juu ya kofia yake, akashona tobo lilelile mara mbili. Alikuwa na huyo mmoja tu. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Wiki hiyohiyo Bi Chausiku alikuja mbio mbio, mtandio uko begani.

"Shoga, umesikia? Kuna kampuni ya filamu imekuja! Wanapiga picha ya Bagamoyo ya zamani. Wanataka kofia sitini za mkono!"

Bi Wahida aliweka sindano chini. Kofia sitini! Hapo hapo alijitanda, akaenda dukani kwa Mzee Abdullatif.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ami, ni kweli kuna kofia sitini?"

Mzee alishusha pumzi. "Zilikuwepo. Walikuja hapa wakauliza mafundi wa mji huu. Nikaandika. Jana wamenipigia, wanasema wataagiza nje, za mashine."

"Kwa nini?"

"Mimi sijui. Wakubwa hawaelezi."

Mtu mwingine angerudi nyumbani akalalamika kwa majirani. Bi Wahida hakurudi. Alimfikiria Huda na ile pasipoti, akachukua bajaji mpaka ofisi za halmashauri. Huko kuna afisa utamaduni, Bi Shaikha, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Ni mtu mwenye maneno ya moja kwa moja.

Bi Shaikha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili.

"Hii hapa orodha ya mafundi wa kofia, kampuni iliniachia nakala," alisema. "Soma mwenyewe."

Bi Wahida alisoma. Palikuwa na jina moja tu, la Abdullatif.

"Sasa nikuulize," Bi Shaikha alisema. "Mtu mmoja anaweza kushona kofia sitini kwa miezi mitatu?"

"Hawezi! Hata kumi hawezi."

"Ndivyo kampuni ilivyoona. Imeona Bagamoyo ina fundi mmoja, mwanamume mzee. Ndiyo maana wanaagiza nje."

Bi Wahida aliisoma tena ile orodha. Miaka ishirini na zaidi ameshona kofia, na kwenye karatasi hayupo.

"Kuna jambo jingine," Bi Shaikha aliendelea. "Kampuni kama hii ingeweza kwenda kupiga picha nchi nyingine. Nchi zinagombania kazi hizi. Kwa hiyo serikali huweza kuiambia: njooni kwetu, tutawapunguzia kodi."

"Kodi ya nani?"

"Ya umma, Bi Wahida. Yako na yangu. Pesa hiyo ingejenga darasa au zahanati. Tunaiachia kwa matumaini kwamba itarudi kwa njia ya kazi. Kila nchi ina taratibu zake, na taratibu hubadilika. Lakini makubaliano ya kampuni hii nimeyasoma. Yanasema iajiri wakazi na inunue vitu kwa wakazi. Na ithibitishe kwa jina, kitambulisho, mkataba na risiti. Asiye na jina hahesabiwi, hata kama amefanya kazi mpaka vidole vimetoboka."

"Na wakiagiza nje?"

"Kofia hizo hazitahesabiwa. Kampuni itakosa sehemu ya nafuu yake, nanyi mtakosa kazi. Wote mmepoteza. Na kodi nyingine imeachiwa, mji huu haujapata kazi yake."

Bi Wahida alisimama. "Nipe karatasi na kalamu."

Adhuhuri ilipopita, wanawake walikusanyika uani kwake. Aliwaeleza yote. Alidhani watashangilia. Wapi! Uani palizuka zogo.

"Jina langu kwenye karatasi za serikali?" Bi Mgeni aliuliza. "Mume wangu atasemaje?"

"Na kodi je?" alidakia Shamsia. "Wakishatuandika, si watatutoza mpaka sindano?"

Bi Shaikha alikuwa amekuja naye. Alicheka kidogo, akajibu.

"Sindano hazitozwi, Shamsia. Mwajiriwa hukatwa kodi kulingana na kipato chake. Kipato kidogo sana hakikatwi. Kinachokatwa lazima kiandikwe, mkione kwa macho yenu. Msikisie, na msisikilize ya mitaani. Nendeni ofisi ya mapato mkaulize. Kuuliza ni bure, na namba ya mlipakodi hutolewa bure. Mtu akiwadai pesa ili awapatie namba hiyo, huyo anawaibia."

Bi Mgeni bado alikunja uso. "Ami Abdullatif hatapenda. Ametulinda miaka yote."

"Ametulinda," Bi Wahida alisema. "Mimi nampenda kama baba. Lakini leo tumelindwa mpaka tumepotea. Mimi ninaye binti, na yuko mbioni kuondoka kwa sababu mji huu hauna kazi. Na kazi ipo! Ipo mikononi mwetu, ila haina majina. Asiyetaka kuandika, simlazimishi. Mimi naandika langu."

Akaandika. Herufi zilikuwa kubwa na za kupinda, lakini zilisomeka. Bi Chausiku akafuata. Kisha Shamsia. Bi Mgeni alipiga simu kwa mumewe. Alizungumza naye kwa muda, akarudi akitabasamu. "Anasema mbona nimechelewa," alisema, akachukua kalamu. Mpaka alasiri yalikuwa majina kumi na matatu. La Huda Bi Wahida hakuliandika. Mwenye safari humfungi kwa mkataba.

Kulipokucha alimpitia Mzee Abdullatif. Hakutaka asikie kwa watu. Mzee aliisoma ile karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilidhani nawasitiri," alisema.

"Ulitusitiri, Ami. Hatuna kinyongo. Lakini twende wote. Wewe unajua kitambaa na uzi, na kampuni inatakiwa kununua hapa hapa. Uza kwa risiti."

Wakaenda watatu, wao wawili na Bi Shaikha. Kampuni ilikuwa imepanga nyumba karibu na Boma la kale. Mratibu wake, Mikdad, ni kijana wa Tanga. Aliwapokea vizuri, lakini alitikisa kichwa.

"Mama zangu, mmechelewa. Wakubwa wangu wanataka kuagiza leo jioni. Nitawaambiaje kwamba jana fundi alikuwa mmoja, leo wapo kumi na watatu? Wataniona mwongo."

Bi Wahida alitoa mfuko wake. Alikuwa na kofia moja ambayo haijakwisha. Aliiweka mezani, akaonyesha kwa kidole.

"Mchoro huu ni wa Bi Chausiku. Matobo haya ni yangu. Haya ya pembeni ni ya mwenzangu, tazama, yeye huvuta uzi kwa kushoto. Hapa ameunga Bi Mgeni. Kofia moja, watu wanne. Wapigie wakubwa wako picha ya hii kofia. Halafu uwaulize kama mashine inavuta kwa kushoto."

Mikdad aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga picha, akatoka nje na simu yake. Bi Wahida alikaa amebana mikono mapajani. Robo saa ilipita.

Mikdad aliporudi, alisema, "Wanataka kuona vitambulisho. Kesho asubuhi."

Kesho yake walikuja wote kumi na watatu. Bi Shaikha alikuwa amewaonya mapema: asisaini mtu karatasi tupu, wala karatasi ambayo hajasomewa. Basi wakasomewa. Mkataba ulieleza kazi, miezi mitatu, saa za kazi, kiasi na siku ya malipo, na makato. Shamsia alidai asomewe makato mara mbili. Kila mmoja alisaini mwenyewe, na kila mmoja alipewa nakala yake akaondoka nayo. Mzee Abdullatif naye akapata oda ya kitambaa na uzi.

Kazi ikaanza. Uani kwa Bi Wahida palichangamka kama siku za arusi. Huda alishona pamoja nao, kama kawaida yake. Bi Wahida alimwangalia kwa pembe ya jicho, akihesabu siku zilizobaki. Kupata kazi kulimfurahisha. Lakini furaha hiyo ilikuwa nusu.

Wiki ya tatu akaja mkaguzi kutoka serikalini, mwanamume mpole aliyeitwa Ibrahimu. Alifuatana na Mikdad.

"Nimekuja kuhakiki," alisema. "Kuna kampuni huandika majina hewa ili zipate nafuu ya kodi. Kwa hiyo nikisoma jina, mwenyewe aitikie na anionyeshe kitambulisho. Jina lisilo na mtu nalifuta."

Akaanza kusoma. Bi Chausiku akaitikia. Bi Mgeni akaitikia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Bi Wahida akaitikia. Hakuwahi kusikia jina lake likisomwa kwenye orodha ya mafundi.

Yalipofika kumi na matatu, alianza kukunja kitambaa chake. Alijua orodha imekwisha.

Mkaguzi akafungua ukurasa wa pili. "La kumi na nne," alisema. "Huda Yunus."

Bi Wahida alishtuka. Aliona kampuni imefanya kosa, na kosa hilo litawaharibia wote. Akasimama haraka.

"Samahani, bwana, hilo lifute. Huyo ni binti yangu. Anasafiri mwezi ujao, hana mkat..."

"Mama," Huda alisema nyuma yake.

Bi Wahida aligeuka. Huda alikuwa amesimama, kofia mkono mmoja, kitambulisho na nakala ya mkataba mkono wa pili. Mikdad alitazama chini akitabasamu.

"Nilikwenda mwenyewe kwa Mikdad," Huda alisema. "Na Maskati nimeshawapigia, siendi."

Mkaguzi aliinua kalamu. "Huda Yunus, yupo au hayupo?"

"Nipo," alisema Huda.