Kiwanja cha Kona

Annuarite alishuka kando ya barabara kuu iendayo Madisi jua likiwa limeshainama. Alikuwa amechelewa. Kule kambini Dzaleka foleni ya mgawo ilikuwa imemla asubuhi nzima, kisha mteja mmoja akamng'ang'ania amalizie gauni la harusi. Lakini alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo haitaisha kabla hajakiona kiwanja chake, hata kwa dakika kumi tu.

Kiwanja chake. Wiki nzima alikuwa akiyasema maneno hayo kimoyomoyo, kama mtu anayenyonya pipi asitake iishe.

Alikuwa mshonaji, mjane, mzaliwa wa Fizi, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili Malawi. Zamani alikuwa na kibanda cha kushonea Mchesi, Lilongwe, mpaka ilipotoka amri wakimbizi wote warudi kambini, akarudi Dzaleka na cherehani kichwani. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia toka. Ndipo akatokea Gakiza, Mrundi wa kambini humohumo, mwenye suti ya kijivu na simu mbili, wakala wa tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa akinunua mashamba na kuyakata viwanja. Mkimbizi hawezi kuandikishwa ardhi, Gakiza alikiri hivyo. Lakini karatasi ingekaa kwa jina la kampuni ya tajiri mpaka mambo yanyooke. Annuarite aliuza cherehani yake ya pili, akaweka sahihi.

Mwendesha kabaza alimpakia kwenye baiskeli mpaka mahali njia ilipogeuka mchanga mtupu.

"Ndidikira pano, amayi," alisema. Atamsubiri hapo.

"Zikomo," Annuarite akamshukuru, akaendelea kwa miguu.

Shamba lilikuwa kubwa, limefyekwa lote, halina nyumba hata moja. Vigingi vya zege vilisimama safu kwa safu, vimepakwa namba nyekundu. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini...

Harufu ilimfikia kabla ya namba. Udongo uliolowa.

Alisimama. Ilikuwa Oktoba, mvua haijanyesha tangu Aprili, na ardhi ile ilikuwa ngumu kama kigae. Lakini pua haikumdanganya. Ilikuwa harufu ya shimo lililofunuliwa sasa hivi.

Kisha akasikia. Chwa... chwa... Chepeo ikiingia ardhini.

Kwenye kona, ndani ya vigingi vya thelathini na moja, mwanaume alikuwa akichimba. Alikuwa ameshazama mpaka kiunoni. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kama mtu aliyevaa kwenda kusali.

"Mwiriwe, mama," alisema kwa Kirundi bila kuinua kichwa, kisha akaingia kwenye Kiswahili cha kambini. "Unatafuta nini saa hii?"

"Niko natafuta kiwanja yangu. Thelathini na moja." Annuarite alisogea hatua moja. "Na we, nani alikutuma kuchimba hapa?"

"Kiwanja ni yangu."

"Yako namna gani? Mi niko na karatasi!"

Mwanaume akatia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamnyooshea. Annuarite aliipokea. Ilikuwa baridi, imelowa. Mhuri uleule. Sahihi ileile ya Gakiza. Namba ileile. Na jina: Nyandwi.

Damu ilimpanda kichwani. Kwa hiyo Gakiza amekiuza mara mbili, mwizi yule! Alitaka kusema hivyo, lakini mwanaume alikuwa ameacha kuchimba, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa mnong'ono.

"Unatoka Dzaleka?"

"Ndiyo."

"Unamujua Fidès? Ule anauzisha mandazi karibu na kisima?"

"Namuonaka."

"Umuambie sikwendaka Afrika Kusini."

Basi. Alichukua chepeo akainama tena, na Annuarite, asiyejua kwa nini, aliiweka ile karatasi juu ya kigingi na kurudi kinyumenyume hatua kadhaa kabla ya kugeuka. Hakukimbia. Alijiambia kwamba ni hasira tu.

Walipokuwa tayari barabarani, kabaza ikiteremka kwa kasi na upepo ukimpiga usoni, ndipo akili yake ilipopata jambo ambalo macho yalikuwa yameliona tangu mwanzo.

Yule mtu alikuwa akichota udongo na kuurusha nje. Akichota na kurusha.

Na pembeni ya shimo hapakuwa na lundo.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa City Centre, Lilongwe, kwenye ofisi ya kampuni, chumba cha ghorofani kilichonuka rangi mpya. Ukutani kulikuwa na ramani ya mashamba sita, kila moja na rangi yake. Gakiza alimkaribisha kwa tabasamu.

"Mama Annuarite! Ulienda kuona?"

"Nilienda. Na mi nilikuta mwenye nayo." Alipiga meza kwa kiganja. "Uliuzisha bantu babili kiwanja moja, Gakiza! Nilimukuta anachimba. Anaitwa Nyandwi."

Kalamu ya Gakiza ilisimama.

Alinyanyuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Aliporudi kukaa, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Alikuambia jina... yeye mwenyewe?"

"Lilikuwa kwenye karatasi."

"Alikuona? Alikutazama machoni?"

Annuarite akafikiri. "Hapana. Hakuinua kichwa."

Gakiza alishusha pumzi ndefu. Alijifuta jasho, kisha maneno yakaanza kumtoka haraka haraka. Alikosea namba, alisema. Thelathini na moja haikuwa ya kuuzwa, alimwandikia kwa makosa. Lakini mama asiwe na wasiwasi. Kulikuwa na shamba jipya, la kijani pale kwenye ramani, linafunguliwa mwisho wa mwezi. Atampa kiwanja cha kona, kikubwa mara mbili, bila kuongeza hata sarafu moja ya tambala.

"Bure?"

"Bure. Tajiri mwenyewe njo anasema. Uende Jumamosi, saa ya jioni, wakati jua limepoa. Uende peke yako, juu bengine wakisikia watataka na bo." Alimtazama, kisha akatazama chini. "We uko na bantu hapa Malawi, mama? Ndugu? Wakubwa?"

"Sina. Nilibakia mi tu."

"Ah," alisema Gakiza polepole. "Njo vile niliandika."

Annuarite alitoka akiwa na karatasi mpya mkononi, na tusiseme uongo, alitoka na furaha. Kiwanja cha kona! Alishaona kibaraza, alishaona cherehani chini ya dirisha. Aliposhuka Dzaleka ndipo ule mnong'ono ulipomrudia, akaona si vizuri kukaa na salamu ya mtu. Akapitia kisimani.

Fidès alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa kilichofungwa chini mpaka kwenye nyusi. Wanawake wengine waliuza wakipiga soga, yeye aliuza amewapa mgongo. Kambi nzima ilijua habari yake: mumewe alimkimbia miaka miwili iliyopita, akaenda kutafuta maisha Afrika Kusini, na kule amepata mke mwingine.

"Dada Fidès," Annuarite alisema, akiinama kama anayechagua mandazi. "Nilionana na bwana yako jana. Amenituma nikuambie... hakwendaka Afrika Kusini."

Fidès hakushtuka. Aliweka chini kijiko cha mafuta kwa uangalifu mkubwa.

"Ulimuona wapi?"

"Kwenye mashamba ya kampuni, njia ya Madisi. Alikuwa anachimba."

"Alivaa nini?"

"Shati ya mikono mirefu. Imefungwa mpaka hapa."

Fidès alijigusa shingoni. "Mi njo nilifunga ile vifungo," alisema. "Jumamosi. Aliniambia anaenda kuona kiwanja, kampuni ilimupa cadeau. Bure kabisa, ya kona. Nikasema twende wote. Akasema hapana, wamesema niende peke yangu, jioni."

Mafuta yalikuwa yakiungua karaini. Hakuna aliyeyatazama.

"Kesho yake message iliingia kwenye simu yangu, inatoka kwa namba yake. 'Nimeenda South, usinitafute.' Kwa Kiswahili." Sasa ndipo alipoepua karai. "Nyandwi hakunisemeshaka Kiswahili hata siku moja, dada. Mi na ye ni Kirundi tu."

Annuarite alihisi ile karatasi mpya ndani ya pochi yake kama kitu chenye uhai. Aliitoa. Ilikuwa imeanza kulowa.

Hawakungoja Jumamosi. Walikwenda kwa mchungaji, mchungaji akawaita viongozi wa jumuiya, na siku ya tatu walifika shambani na polisi wawili na watu wa kijiji cha jirani wenye majembe. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Katika thelathini na moja hapakuwa na shimo. Ardhi ilikuwa shwari, ngumu, mashina makavu ya nyasi zilizofyekwa bado yako juu yake. Askari mmoja alimtazama Annuarite kwa dharau.

"Chimbeni," Fidès alisema.

Wakachimba. Nusu mita, majembe yalitoa cheche. Mita moja, bado kukavu. Kisha mzee mmoja akaacha jembe na kurudi nyuma akiziba pua, kwa sababu udongo ulikuwa umelowa ghafla, mweusi, kama umetoka kunyeshewa.

Walimkuta amesimama.

Hakulazwa kama wafu wanavyolazwa. Amesimama wima, uso umeelekezwa barabarani, upande wanunuzi wanakotokea, na mdomoni mwake mmejazwa karatasi. Zilikuwa ramani, zilezile za rangi sita. Vifungo vyote vya shati vilikuwa vimefungwa.

Fidès hakupiga yowe. Alishuka mwenyewe shimoni, wala hakuna aliyethubutu kumzuia, akaanza kumtoa zile karatasi mdomoni moja baada ya nyingine, akimsemesha kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Mama mmoja wa kijijini alitema mate pembeni. "Chizimba," alisema. Na alipoona Annuarite haelewi, alimweleza kwa sauti ya chini: dawa ya biashara haishiki mpaka iwekewe kiungo. Wengine huweka ndege, wengine mnyama. Anayetaka watu waje kwake kwa wingi humweka mtu awaite. Lakini awe mtu ambaye hakuna atakayekuja kumuuliza.

Nyandwi alizikwa Dzaleka siku ya Jumapili. Wanawake wa kisimani walibeba maji, walipika, walilala chini na Fidès siku saba, na walipomsogelea walishindwa kumtazama kwa aibu ya yale waliyomsema. Chumba cha City Centre kilikutwa kitupu, hata misumari ya ramani imeng'olewa. Tajiri hakupatikana. Kulikuwa na jina lake kwenye mihuri, lakini polisi walisema jina lile halina mtu. Gakiza alionekana mara moja, Jumamosi ileile aliyomwambia Annuarite aende, kwenye njia ya shamba la kijani. Alikuwa akitembea kwa miguu, jioni, peke yake. Mwendesha kabaza aliyempita alisema alimpigia kengele asigeuke, na suti yake ilikuwa imefungwa vifungo vyote, mpaka na vile vya juu ambavyo watu hawafungi.

Polisi walichimba kiwanja kimoja tu. Walisema kibali kilikuwa cha kimoja.

Annuarite alirudi kwenye kushona. Hakurudishiwa chochote. Siku moja mchana alisikia hodi, na mlangoni alisimama Véronique, mama wa Uvira wa mtaa wa pili, na picha ndogo ya kitambulisho mkononi.

"Ni kaka yangu, Honoré," alisema. "Ana mwaka wa nne hatumuoni. Alitumaka message, eti yuko South." Alisita. "Alikuwa amenunua kiwanja."

Kesho yake walikuja wawili. Keshokutwa, mzee Hatungimana akaja kwa ajili ya bintiye. Mpaka juma lilipoisha, majina yalikuwa tisa, na yote yalikuwa na ujumbe mmoja, maneno yaleyale, herufi kwa herufi.

Basi walikwenda. Ilikuwa jioni, kwa sababu mchana walinzi wapya wa shamba, walioajiriwa na nani hakuna aliyejua, waliwafukuza. Walikwenda kwa miguu, wanawake sita na mzee mmoja, Fidès akiwa mbele, bila mchungaji na bila polisi. Hawakuwa na majembe. Walitaka kuita tu, alisema Véronique, ili mtu asikie kwamba anaulizwa.

Walisimama mahali mashamba yanapokutana. Hapakuwa na upepo. Annuarite alikunjua orodha, na Fidès akaanza kuita, jina baada ya jina, kwa sauti ya mama anayeita watoto waje kula.

La kwanza... kimya.

La pili... kimya.

"Honoré!"

Na kutoka pande nne za mashamba, chini kabisa, wote tisa wakaitika.