Kadi ya Kukwangulia Unga

Mtaani kwao, jogoo waliamshwa na mwokaji mikate. Alikuwa na mikono mikubwa, sauti kubwa, na maoni juu ya kila jambo. Kila alfajiri alikanda unga juu ya meza ndefu ya mbao, akaukata, akautia tanurini. Kisha alichomoa kitambulisho chake mfukoni, akakwangua nacho unga uliogandia mezani. Kadi ile ilikuwa ngumu na nyembamba, tena ina ukingo mzuri. Kwaru, kwaru, meza ikawa safi. Kadi ikarudi mfukoni.

Mwaka ule mke wake aligombea uenyekiti wa mtaa. Alitaka mtaa upate bomba la pili la maji, kwani foleni ya bomba moja ilikuwa ikila asubuhi nzima za watu.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "nikishindwa kwa kura moja, na kura hiyo ikawa yako, utahamia tanurini."

"Mimi, mke wangu? Nitakuwa wa kwanza kwenye mstari!"

Asubuhi moja redio ikatangaza utaratibu mpya. Zamani mpiga kura alitaja jina lake, karani akalitafuta kwenye daftari, basi. Sasa kila mtu atatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha.

Mwokaji akapiga meza, unga ukaruka. "Safi kabisa! Juzi mtu alikuja hapa akasema yeye ni mjomba wa bwana harusi. Akabeba mikate yote ya harusi. Mjomba wa kweli alipokuja, nilimpa nini? Nilimpa pole! Na kura ni vivyo hivyo."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi pembeni, akitia mikate kwenye mifuko. Aliishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua.

"Mimi sina kitambulisho chenye picha," alisema polepole.

"Basi, mama, sheria ni sheria."

Mkewe akamtazama kama mtu anavyotazama mkate ulioungua.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, "nilianza kupiga kura huyu mkeo akiwa mgongoni. Nani hanijui hapa? Hata mbwa wananijua."

"Mbwa hawasimamii uchaguzi, mama."

Wakati huo jirani yao, aliyesikia ubishi wao tangu nje, aliingia kununua mkate. Watu walimwita Msimamizi, kwa sababu alisimamia vituo vya kura miaka mingi kabla ya kustaafu. Mpaka leo, akiona foleni imepinda, hata ya mkate, lazima ainyooshe.

"Msimamizi, tuamue!" mwokaji alisema. "Nani ana haki?"

"Wote wawili," Msimamizi alijibu. Akavuta kigoda, akakaa. "Mwaka mmoja mtu alikuja kupiga kura kwa jina la kaka yake aliyekufa. Karani akalisoma jina kwa sauti. Foleni yote ikakimbia, wakidhani marehemu amefufuka! Nilibaki mimi na yeye tu. Picha ingetuondolea mbio zile."

"Si nilisema?" mwokaji alidakia.

"Ngoja, jirani. Mwaka mwingine utaratibu wa picha ulijaribiwa kituoni kwangu. Akaja mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri. Kadi yake iliungua pamoja na nyumba yake. Kila mtu alimjua, nami nilimjua. Nikamrudisha. Mpaka leo nauona mgongo wake ukienda."



"Sasa hii sheria ni nzuri au mbaya?" mke wa mwokaji aliuliza.

"Nadhani hata wajukuu zetu wataibishania. Mimi najua hili moja tu: ukitia kufuli mlangoni, mpe kila mwenye nyumba ufunguo. Usipompa, umefungia nje mwizi na mwenye nyumba pamoja." Akamgeukia mama mkwe. "Ofisi ya vitambulisho iko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Hulipi kitu. Kama huna cheti cha kuzaliwa, nenda na watu wawili wanaokufahamu, wenye vitambulisho vyao. Wataapa mbele ya karani. Na nyinyi wenye kadi, zitazameni leo. Msingoje siku ya kura."

"Mimi nitamwapia mama!" mwokaji alisema kwa ukarimu. "Kadi yangu hii hapa."

Akaibwaga mezani. Msimamizi akaichukua. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaigeuza juu chini.

"Jirani, huyu ni nani?"

Mwokaji akainama kutazama. Jina lilikuwa limefutika nusu. Na picha? Yalibaki masikio mawili, kila moja upande wake. Katikati hamna mtu.

"Umejikwangua uso?" mkewe aliuliza.

"Nilikuwa nakwangua unga tu!"

"Ehe! Mgombea mimi, na mume wangu hana uso!"

Mama mkwe akafunga mfuko mmoja wa mkate, taratibu, akauweka pembeni. "Basi, baba," alisema kwa upole, "sheria ni sheria."

Moyo wa mwokaji ukanywea kama mkate uliotolewa tanurini kabla ya wakati.

Kesho yake walikwenda ofisini wote wanne. Chumba kilikuwa na benchi, kitambaa cheupe ukutani, na kamera yenye miguu mitatu. Mke wa mwokaji na Msimamizi walimwapia mama mkwe. Akapigwa picha, akaweka dole gumba. Mashine ikanguruma, ikatema kadi yake ikiwa bado na joto.

"Sasa mimi!" mwokaji alisema. "Mke wangu ataniapia."

"Haiwezekani," karani alisema. "Kila shahidi anamwapia mtu mmoja tu, watu wasifanye biashara ya viapo. Lakini wewe kadi yako imeharibika tu. Shahidi mmoja anatosha. Una mwingine mwenye kitambulisho?"

Mwokaji akatazama dari. Akatazama sakafu. Mwishowe akamtazama mama mkwe, aliyekuwa akipepea kadi yake mpya ipoe.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Naomba."

"Bibi, unamfahamu huyu?" karani aliuliza.

Mama mkwe akamtazama kwa muda mrefu. "Hebu geuka," alimwambia. Mwokaji akageuka. "Upande wa pili." Akageuka tena, jasho likimtoka.

"Namfahamu. Maneno mengi, mikate mizuri. Alipomwoa binti yangu hakuna aliyeniapisha. Leo naapa: ndiye."

Walipotoka nje, mwokaji alisema, "Nisamehe, mama. Jana nilisema vibaya."

"Hukusema vibaya. Ulisema haraka."

Tangu siku ile, mwokaji hakumpa mtu mkate kabla ya kumwuliza, "Kadi yako ina uso?" Watu walicheka, lakini walikwenda kutazama. Fundi viatu alikuta ya kwake ameishonea ndani ya kiatu cha mteja. Wengi waliwahi ofisini, na wasio na vyeti walikwenda na mashahidi.

Siku ya kura mwokaji alitoka mbio tanurini. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kama alivyoahidi. Karani wa kituo akatazama kadi, akamtazama yeye. Unga ulikuwa umemfunika kuanzia paji la uso hadi kidevu.

"Kwenye kadi kuna mtu," karani alisema. "Hapa naona donge la unga."

Foleni ikaangua kicheko. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake, akalowesha ncha ya mtandio wake kwa maji ya chupa. Akamshika mkwewe kidevu mbele ya mtaa mzima, akamfuta uso kama mtoto, mpaka nyuma ya masikio.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa ni yeye," karani alisema. "Pita."

Mkewe alishinda, tena kwa kura nyingi. Bomba la pili lilipofunguliwa, mwenyekiti mpya alimwamuru mumewe awe wa kwanza kunawa uso.

Siku hizi kadi ya mwokaji inakaa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya msumari, mbali na meza. Unga anaukwangua kwa kibati alichopewa na mama mkwe. Kizee yule alikichora kwa ncha ya msumari kabla ya kumpa: masikio mawili, kila moja upande wake. Katikati hamna mtu.