Gauni la Gramu Mia Tano na Ishirini

Jumatatu asubuhi, kaunta ya vifurushi huwa haikaliki. Foleni ilikuwa imepinda mara mbili ndani ya ukumbi wa posta, feni ya dari ikizunguka bila kumpoza mtu, na kila mteja alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Fundi friji alifika dirishani amekumbatia mifuko mitano ya nailoni. Wa tatu ulimponyoka, ukapasuka, blauzi ya hariri ikamwagika juu ya mizani.

"Hiyo selotepu umeibandika au umeiazima tu?" aliuliza mwanamke wa mizani.

Waliokuwa nyuma wakacheka. Fundi hakucheka. Aliiokota blauzi, akailaza juu ya kaunta na kuikunja upya polepole, mikono kwanza, kisha kola, akiinyoosha kila alipoikunja. Mwanamke alikuwa amezoea wanaume wanaosokota nguo kama matambara ya kupigia deki. Akamwangalia mara ya pili.

"Nguo zote hizi ni za nani?"

"Za dada yangu. Amehamia nje, kaniachia kabati zima. Nauza mtandaoni."

Uongo huo ulimtoka kirahisi, maana alikwisha kuuzoea.

Wateja walimwita mwanamke huyo Dada Mizani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, sare yake ya bluu ikimbana mabegani, na sauti yake ilitosha kunyoosha foleni bila askari. Miaka sita nyuma alichumbiwa, akaachwa wiki tatu kabla ya harusi. Tangu hapo ndugu zake waliacha kumuuliza habari za ndoa, na ukimya huo ulimuuma kuliko maswali.

Fundi akawa mteja wa kila Jumatatu. Dada Mizani alimfundisha kazi: nguo uifunge kwanza kwa karatasi laini, utoe hewa kwenye mfuko, selotepu ipite msalaba, anwani uiandike ndani na nje ili mfuko ukichanika kitu kisipotee. Naye fundi alikuwa akifika amevaa shati lililopigwa pasi, ananukia sabuni, na chini ya sabuni harufu kidogo ya mafuta ya mashine. Mwezi wa pili wakapeana namba za simu, kwa sababu za kikazi, kama walivyodai wenyewe.

"Umeshapima?"

"Gramu mia tatu."

"Kwa mizani yangu au kwa hiyo yako ya unga?"

"Ya unga."

"Basi ongeza arobaini. Hiyo mizani yako ni muongo kama mwenyewe."

"Mpenzi, mimi nimekudanganya lini?"

Alilitaja neno hilo kwa mara ya kwanza, mpenzi, kisha wote wawili wakaagana harakaharaka kama watoto waliovunja kikombe.

Jambo moja tu lilimshangaza Dada Mizani. Kwenye ukurasa wa fundi, juu kabisa, paliandikwa: Siuzi kwa wateja wa mji huu, tafadhali msinisumbue.

"Unafukuza riziki," alimwambia. "Mimi hapa nalitaka lile gauni la kijani. Limekaa wiki sita halina mnunuzi."

"La kijani halikufai."

"Halinifai au unaniona mnene?"

"Wateja wa hapa wasumbufu. Wanataka kuja kujaribu. Tuyaache hayo, mama."

Mwanamke mwingine angeyaacha. Dada Mizani alimpigia shangazi yake, anayeishi safari ya saa sita kutoka hapo, akamwomba anunue gauni kwa jina lake kisha amrudishie.

"Gauni lizunguke nchi nzima ili lirudi hapohapo?" shangazi aliuliza. "Wewe mtoto una akili timamu?"

"Nataka kumcheka tu, shangazi. Jumapili ijayo tunatoka kwa mara ya kwanza. Nataka anione nimelivaa."

"Unampenda."

"Nampenda, shangazi. Nampenda mpaka naogopa."

Siku ya Jumatatu fundi alileta kifurushi kimoja tu. Dada Mizani alisoma jina la shangazi yake juu ya mfuko, akang'ata mdomo ndani kwa ndani asicheke. Gramu mia tano na ishirini. Fundi hakuutoa mkono wake juu ya mfuko mpaka alipoombwa.

"Mama mzee kalinunua," alisema. "Vizuri. Huko ni mbali."

Gauni lilirudi Ijumaa. Lilikuwa la kijani kibichi, kiuno kimebanwa, vifungo vidogo vimeshuka mgongoni. Lilimkaa kama alipimwa yeye, urefu tu ulizidi, na fundi cherehani wa jirani akalikata vidole vitatu.

Jumapili alasiri aliingia mgahawani akipita katikati ya meza, viatu vyeusi, nywele amezibana juu, watu wakigeuka. Fundi aliinua macho kutoka kwenye simu. Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Dada Mizani hakuwahi kuiona kwa mwanamume yeyote, achilia mbali kwa ajili yake. Kisha furaha ile ikakatika. Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Si umeniuzia mwenyewe? Yule mama mzee ni shangazi yangu." Alizunguka mara moja, akicheka. "Dada yako ataniona mwizi?"

"Hilo ni gauni la mke wangu."

Kicheko kilimkauka. "Mke? Una mke?"

Fundi akatoka mbio bila hata kuokota kiti. Dada Mizani akabaki katikati ya mgahawa, ndani ya nguo ya mke wa mtu, wahudumu wakimtazama. Aliona aibu mpaka masikio yakamvuma.

Wiki tatu hakupokea simu zake. Jumatatu zilikuja, zikapita. Alipima sufuria za watu, redio za watu, magauni ya watu, na jioni alirudi chumbani akalia kwa hasira, kwa sababu alijiona mjinga na bado alimpenda.

Wiki ya nne fundi alimsubiri nje ya posta saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amekonda, shati halikupigwa pasi. Hakubeba kifurushi.

"Dakika tano tu. Ukitaka kunitukana, nitukane baadaye."

Walikaa kwenye benchi la saruji.

"Alikufa," fundi alisema. "Mwaka mmoja na miezi minne sasa. Figo. Sikuwa na nguvu ya kuwaambia watu kila siku, nikasema ni vitu vya dada. Kabati lilinitisha, lakini sikutaka nikutane na blauzi yake barabarani, mgongoni kwa mtu. Ndiyo maana nilituma mbali."

Hasira yote ya Dada Mizani ikayeyuka. Alimshika mkono. "Pole. Pole sana, mpenzi. Na mimi nikakuletea mpaka mezani. Nisamehe."

"Usiombe msamaha. Ulipoingia pale, alikuwa amerudi. Kwa muda ule mfupi, nilikuwa mzima." Alimgeukia, macho yakiwaka. "Nimefuta matangazo yote, siuzi tena. Nataka kukuoa. Sitanii, nitakuja kwenu na wazee."

Maneno hayo Dada Mizani alikuwa ameyasubiri miaka sita.

"Jumapili njoo nyumbani," fundi aliendelea kwa haraka. "Uje nalo. Viatu vyake bado ninavyo. Niliangalia vyako siku ile, ni namba moja."

Dada Mizani aliiangalia miguu yake.

"Nililipunguza chini," alisema. "Vidole vitatu."

"Nimeliona. Fundi mzuri ataliongeza."

"Na nikija na hii sare yangu ya kazi? Utanifungulia mlango?"

Fundi aliangalia sare, akaangalia barabara, akaangalia mikono yake. Hakuwa mtu mbaya, na hakutaka kusema uongo mwingine.

"Polepole nitazoea," alisema.

Dada Mizani aliuachia mkono wake kwa upole, akarudi ndani kabla ya muda wa mapumziko kwisha. Foleni ilikuwa ndefu. Alipitia chumba cha nyuma, akasimama kati ya magunia ya barua na kumpigia shangazi.

"Amekuja?"

"Amekuja. Anataka kunioa."

"Ee Mungu wangu! Sasa unalia nini, mwanangu?"

"Mke wake alikufa, shangazi," alisema. "Ananitaka kwa sababu nguo zake zinanitosha."