Bamba la Pajani

Haya sikuhadithiwa. Yalitokea nyumbani kwa dada yangu, miaka ile nilipokuwa nakaa kwake kwa sababu shule niliyofundisha ilikuwa mtaa wa pili.

Mume wake, shemeji yangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jumanne moja asubuhi alikuwa anafunga geti la mteja, ngazi ikateleza, akaangukia ukingo wa saruji. Paja la kushoto likavunjika. Daktari wa mifupa akampasua, akaunga mfupa kwa bamba la titaniamu na kulikaza kwa skrubu nane.

Shemeji ni mtu wa vyuma, kwa hiyo alipopata nafuu alimhoji daktari kama anayechagua bati dukani. Je, halitashika kutu humo ndani, penye maji na damu? Daktari alikuwa na subira. Akamweleza kuwa chuma hicho hujivika chenyewe ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayokilinda. Damu haikili, na mwili ni nadra kukikataa.

"Mfupa wenyewe hukipenda," alisema. "Hukua mpaka ukakishika. Kikikaa miaka mingi, hata kukitoa ni shughuli."

Shemeji akacheka, akasema basi ameshaoa mke wa pili, dada yangu asimwonee wivu. Dada hakucheka sana.

Miaka mitatu ikapita. Shemeji alitembea bila kuchechemea na kubeba mitungi yake ya gesi kama zamani. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba tuliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alilalia paja la baba yake hapo kwenye kochi, mpaka usingizi umchukue.

Ilikuwa Jumapili ya namna hiyo. Jua kali nje, redio inaongea peke yake. Shemeji akamwambia dada aende kufungua, kuna mtu anabisha. Dada akaenda. Hakukuwa na mtu. Baada ya muda akamwambia tena, na dada akaenda tena, safari hii akinung'unika. Mara ya tatu shemeji hakumtuma mtu. Alimwondoa mtoto pajani polepole, akaweka kiganja pale alipokuwa amelala.

Dada akapiga magoti, akaweka sikio. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akainuka taratibu na kunivuta jikoni.

"Kinabisha mara tatu," alininong'oneza. "Halafu kinasubiri."

Jumatatu tulikuwa hospitali. Daktari hakutucheka. Alisema skrubu ikilegea yaweza kugongagonga mtu anapotembea. Akapiga eksirei. Skrubu zote nane zilikuwa zimekaza, na mfupa ulikuwa umeanza kupanda juu ya bamba. Akamlaza shemeji kitandani, akamwambia asitikisike, akaweka mipira yake masikioni na kusikiliza paja kama anayesikiliza moyo. Alisikiliza muda mrefu. Alipoitoa mipira, hakutuambia amesikia nini. Alisema tu kwamba shemeji halali nyumbani siku hiyo, na Alhamisi bamba litatolewa.

Alhamisi tuliambiwa tusubiri muda wa saa tatu. Daktari alitoka baada ya dakika arobaini.

Bamba halikuwepo. Alikuwa amepasua juu ya kovu lile lile la zamani, akakuta mfupa mweupe, laini, usio na tundu hata moja la skrubu. Aliingiza mashine ya eksirei mle mle chumba cha upasuaji. Hakuna kitu. Akatuuliza, kwa upole, kama kuna daktari mwingine aliyelitoa. Lakini picha ya Jumatatu ilikuwa bado inaning'inia ukutani kwake, na bamba ndani yake, jeupe pe. Na tangu Jumatatu shemeji hakutoka wodini.

Shemeji alifurahi kimya kimya. Kelele zilikuwa zimekwisha na hakutaka kujua zaidi.

Wiki iliyofuata Kidoti aliacha kukimbia. Alitembea kiubavu, akasema mguu mzito. Tulidhani anamwigiza baba yake. Jioni ya Alhamisi, jua halijazama, nilikuwa namsuka nje mlangoni, amekaa chini katikati ya magoti yangu.

"Mama mdogo," alisema, "nikimwambia anyamaze, atanyamaza?"

"Nani?"

"Anayebisha."

Mikono yangu ikasimama kichwani mwake. Nikamuuliza alianza lini. Siku baba alipolala hospitali, alijibu. Nikamuuliza kabla ya hapo alikuwa wapi.

"Kwa baba. Anasema kule pamembana."

Nililipandisha gauni lake. Paja la kushoto. Hakukuwa na jeraha. Hakukuwa na mkwaruzo. Nikabonyeza kwa kidole. Chini ya ile nyama laini ya kitoto palikuwa na kitu. Kigumu. Kimenyooka. Kirefu.

Usiku ule ule hospitalini, mpiga picha wa eksirei alipiga mara mbili. Kisha akanitaka nitoe nilichomwekea mtoto chini ya mguu. Sikuwa nimeweka kitu. Lilikuwa bamba la mtu mzima, limeanzia karibu na nyonga, limebakiza upana wa kidole kufika gotini. Skrubu nane. Na mfupa ulikuwa umeshapanda juu yake, kazi ya miaka mitatu kwa siku kumi.

Daktari alitaka kupasua asubuhi yake, Ijumaa. Shemeji aliomba akatwe yeye mguu mzima kama hilo litasaidia, na daktari akamshika bega akamwambia halitasaidia. Shemeji akatia sahihi. Dada hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ukilitoa, litakwenda wapi?"

Daktari alimtazama. Akakusanya karatasi zake.

Kazi ilichukua saa tano. Nesi alituambia baadaye kwamba mfupa haukutaka kuachia. Walitumia patasi na nyundo, taratibu, kila walipobandua upande mmoja walihisi upande mwingine unavuta. Skrubu ya mwisho ilipotoka, mtoto, aliyekuwa chini ya nusu kaputi, alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kidoti alipona. Leo ni msichana mkubwa, mrefu kuliko mimi, na anakimbia. Paja lake halijabisha tena. Wala la mtu mwingine yeyote tunayemjua.

Siku iliyofuata upasuaji ule, daktari alituita ofisini, akafunga mlango, akatandua kitambaa cheupe mezani. Bamba lilikuwa limeoshwa, linang'aa kama jipya. Aligeuza upande uliokuwa umelalia mfupa.

Palikuwa na vishimo vinne. Upande wa pili, kimoja. Vidole vinne na gumba. Vimezama kwenye titaniamu kama kwenye unga uliokandwa, na ndani yake ungeweza kuona mistari ya ngozi. Mtu alilishika likiwa laini. Shemeji, aliyeyeyusha vyuma maisha yake yote, alisema hata moto wake haukifanyi chuma hicho hivyo, na hakuna mkono wa mtu ambao ungestahimili.

Daktari akaweka vidole vyake. Vinene, havikuingia. Shemeji akaweka vyake, vikapitiliza. Dada akajaribu. Vifupi. Nesi aliyesimama kando akajaribu vyake, navyo vikakataa.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Daktari akanisogezea kitambaa.

Niliwaambia naomba radhi, nimechelewa shuleni, nikachukua mkoba wangu na kutoka.

Ilikuwa Jumamosi.