Nguo za Majirani

Maiti ilikuwa imelala chali sebuleni mwa nyumba namba tisa, mikono imepangwa kifuani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mtu alikuwa ameifunika kwa shuka safi, tena lililopigwa pasi.

"Muuaji mwenye adabu," koplo alisema. "Ameua, kisha akatandika."

Inspekta hakucheka. Tangu aingie mtaa ule mpya wa nyumba ishirini, alikuwa akitega sikio. Mapazia yalikuwa madirishani, ndala barazani, nguo kambani. Lakini hakuna mtoto aliyelia wala sufuria iliyogongwa.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba waliopewa msaada wa kununua nyumba yao ya kwanza wanaishi humo kweli. Daktari alikadiria kwamba alikufa jana jioni.

Aliyeikuta maiti asubuhi ile ni muuzaji wa nyumba, bwana mwenye tai na viatu vilivyong'aa kuliko maelezo yake.

"Nani anaishi humu?" Inspekta aliuliza.

"Familia moja, afande. Wamesafiri."

"Namba kumi?"

"Nao wamesafiri."

"Mtaa mzima umesafiri?"

Muuzaji alilegeza tai.

Inspekta alitoka nje. Jana mvua ilianza kunyesha saa tisa alasiri. Alishika shati kwenye kamba ya namba kumi, likachuruzika maji. Namba kumi na moja kulikuwa na gauni la mtoto, limelowa chapachapa. Mpaka namba ishirini, nguo zote zilikuwa zimenyeshewa.

Akarudi upande wa pili. Kuanzia namba nane hadi namba moja, kamba zote zilikuwa tupu.

"Koplo, nyumba nane zimeanua nguo, kumi na moja hazikuanua, na katikati kuna maiti. Unaonaje?"

"Naona ningebaki kwa mke wangu leo, afande."

Muuzaji aliamriwa afungue namba nane. Ndani hamkuwa na kiti wala kitanda. Katikati ya sakafu yenye vumbi kulikuwa na nguo kavu, zimekunjwa vizuri. Inspekta aliinua shati moja. Lilikuwa limepauka mgongoni kwa jua, lakini kola haikuwa na alama ya jasho. Halikuwahi kuvaliwa.

"Asiyekuwepo na lake halipo," koplo alinong'ona. "Hawa hawapo, lakini lao lipo."

Namba saba ilikuwa hivyo hivyo. Namba sita pia. Walipokaribia namba moja, walisikia cherehani.

Fundi alikuwa mama wa makamo, futi ya kupimia shingoni. Ndiye aliyeshona mapazia ya mtaa mzima, na rundo la funguo lilikuwa limening'inia ukutani kwake.

"Karibuni. Viti ni viwili tu."

"Mama, jana uliwaanulia majirani nguo. Ulianzia hapa, ukafika namba tisa. Nani alikusimamisha?"

Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Alikuwa barazani na faili lake," alisema taratibu. "Akaniuliza nguo ni za nani. Nikamwambia za mama wa mapacha. Akauliza jina lake. Sikuwa nimempa jina bado."

Inspekta alivuta kiti kimoja, akaketi.

"Kwa nini, mama?"

"Nimepanga vyumba miaka kumi na tisa, afande. Nimefukuzwa mara kumi na moja, cherehani kichwani. Serikali ikasema itatusaidia, tukashangilia. Haukupita mwezi, bei ikapanda kiasi kilekile cha msaada. Wenzangu wakashindwa. Mimi niliuza hadi kitanda, nikapata. Kumbe lilikuwapo sharti: nusu ya nyumba zisipokaliwa ndani ya mwaka, mpango unavunjwa na mimi natoka. Huyu bwana akaniletea nguo na funguo."

"Nilisema azitundike tu!" muuzaji alifoka. "Sikumwambia aue mtu!"

Inspekta alimnyamazisha kwa mkono. Nyumbani kwake, juu ya kabati, kulikuwa na fomu ya msaada uleule. Mkewe alikwisha kuijaza, ilisubiri sahihi yake tu.

"Mkaguzi alikuambia nini?"

"Kwamba msaada huu haujamsaidia mtu, lazima aandike. Nikampigia magoti. Nikamwambia, umenisaidia mimi. Akasema, 'Pole, mama.' Nikamsukuma kifuani. Vigae vilikuwa vimelowa, akaangukia ngazi."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Nilimvuta ndani asinyeshewe. Alipumua mpaka saa kumi na mbili. Nilimshika mkono."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

Koplo aliinamisha kichwa. Inspekta alimhurumia mama yule, na akajichukia kwa kumhurumia. Kisha akamfunga pingu, akaagiza na muuzaji achukuliwe.

Nje wingu lilikuwa limetanda tena. Mama alisimama ghafla.

"Afande, mvua inakuja. Jirani wa kumi na moja ameacha gauni la mtoto nje."

Inspekta alifungua mdomo amwambie hakuna mtu kule. Akaufunga. Alikwenda mwenyewe, akalianua gauni lililolowa, akapanda baraza la namba kumi na moja huku matone yakianza kudondoka. Akajikuta anapiga hodi.