Tumbo la Adwapa

Kila asubuhi Takyiwaa alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja wa nyanya yake, na kumsubiri mbega ajisaidie.

Kazi ya pili ilimfanya achekwe darasani. Shangazi yake, Adoma, alikuwa akisomea mambo ya wanyama chuo kikuu, na alikuwa amerudi kijijini kuwachunguza mbega wa msitu ulio nyuma ya nyumba zao. Makundi mawili, la Mtoni na la Makaburini, yaligombea mikuyu ya mpakani. Siku wakikutana, madume walinguruma mpaka watoto wachanga wakaamka wakilia.

"Mwili ukiona ugomvi, unamwaga homoni kwenye damu," shangazi alimweleza. "Homoni ni kama tarishi. Inaenda kuuambia moyo, 'Piga mbio!' Kazi ikiisha, mabaki yake yanatoka na kinyesi. Mbega siwezi kumuuliza kama ana wasiwasi, ila kinyesi chake kitaniambia."

Jumamosi moja, baada ya makundi hayo kupigana vibaya, shangazi aliondoka alfajiri kulifuata kundi la Mtoni. Takyiwaa alibaki chini ya mti wa kundi la Makaburini, akiwa na kichupa na kijiti. Alitakiwa kumngoja Adwapa, jike mwenye mkia uliokatika ncha, aliyekuwa na mtoto mchanga kifuani.

"Akidondosha tu, okota. Cha Adwapa, si cha mwingine," shangazi alimwonya.

"Nimesikia, shangazi."

Adwapa hakuwa na haraka. Alikula majani, akajikuna, akasinzia. Takyiwaa alikuwa ameanza kupiga miayo wakati rafiki yake Fosua alipokuja mbio.

"Wasichana wa mtaa wa chini wamekuja kucheza mchezo wa ampe! Serwaa wao anasema miguu yetu ni kama michi ya kutwangia fufu!"

"Miguu ya nani?"

"Yako hasa."

Hilo halikuvumilika. Takyiwaa alikimbilia uwanjani. Wakaruka, wakapiga makofi, wakarusha miguu mbele, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mtaa wa juu, wa kina Takyiwaa, ulishinda, na Serwaa akaondoka amenuna. Lakini Takyiwaa aliporudi chini ya mti, mbega wote walikuwa wameshahama.

Alisimama pale na kichupa kitupu. Bata wa jirani yao, Mzee Nsiah, akapita akitikisa mkia. Akaacha kitu njiani, akaenda zake. Takyiwaa akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama na kijiti chake.

Shangazi aliporudi na kukifungua kichupa, uso ulimbadilika. "Mbona kibichi hivi? Na maji matupu! Takyi, Adwapa alikuwaje?"

"Alikuwa... amelegea, shangazi."

"Amelegea vipi?"

"Alikuwa amefumba macho." Hilo lilikuwa kweli. "Halafu akashika tumbo. Akalia." Hilo halikuwa kweli hata kidogo.

Nyanya aliyasikia hayo kutoka jikoni, akaacha mchi ndani ya kinu. Katika kijiji kile mbega ni watoto wa mzimu. Hauawi hata mmoja, na akifa huvishwa sanda nyeupe na kuzikwa kwa heshima. Nyanya akatoka nje akipiga kelele, "Jamani, Adwapa anakufa!"

Mpaka jua linafika utosini, uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Nsiah, mtunza mzimu, alikuja amevaa shuka lake rasmi. Fundi seremala alikuja na futi yake, akamuuliza Takyiwaa kwa upole, "Mwanangu, ukitoa mkia, marehemu alikuwa na urefu gani?"

"Bado hajafa!" Nyanya akamkemea.

"Najua, Nana. Najiandaa tu."

Shangazi naye alikuwa amempigia simu bwana mifugo. Bwana huyo alifika kwa pikipiki, mgongoni amebeba bunduki ya sindano za usingizi. Wote wakaingia msituni, wakamkuta Adwapa juu kabisa ya mti mrefu, amejikunyata, mtoto kifuani. Bwana mifugo akakunja uso.

"Nikimchoma sindano ataanguka. Nyie tandazeni neti. Tukimkosa, tutampoteza yeye na mtoto wake."

Wanaume wakatandaza neti. Bunduki ikainuliwa. Moyo wa Takyiwaa ulidunda mpaka akausikia masikioni. Akamwona mtoto wa mbega akitoa kichwa cheupe na kuchungulia chini.

"Msipige!" akapaza sauti. "Ni cha bata!"

Wote wakageuka. Bwana mifugo akashusha bunduki. "Nini cha bata?"

"Kinyesi. Adwapa haumwi. Nilienda kucheza ampe, nikaokota cha bata wa Mzee Nsiah."

Mzee Nsiah akashika kiuno. "Kwa hiyo bata wangu anaharisha na hakuna aliyeniambia?"

Watu walicheka mpaka neti ikawaponyoka. Hata bwana mifugo aliegemea mti, akifuta machozi. Shangazi peke yake hakucheka. Alimshika Takyiwaa mkono, wakaketi pembeni kwenye gogo.

"Moyo umetulia?" alimuuliza.

"Bado, shangazi. Unakaribia kutoka."

"Hiyo ndiyo homoni. Mbega inampanda anapomwona jirani anakuja kumpokonya chakula. Ugomvi ukiisha, anakula majani yake, analala. Wewe hukukimbizwa na mtu. Ulitunga uongo wa kwanza, ukatafuta wa pili wa kuulinda, na ungeendelea hivyo siku nzima. Mwili wako ungepumzika saa ngapi?"

Takyiwaa akainamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Ila fikiri: ningekipeleka kile kichupa chuoni, ningewaandikia watu mambo ya bata nikidhani nimeandika ya mbega. Nao wangeniamini, kama nilivyokuamini wewe. Ungeniambia, 'Shangazi, nimemkosa,' tungepoteza asubuhi moja tu. Kichupa kitupu si aibu, mwanangu. Kinaweza kujazwa kesho. Kilichojazwa uongo lazima kwanza kimwagwe, tena mbele za watu."

Jumapili alfajiri Takyiwaa alikuwa chini ya mti, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu. Serwaa mwenyewe alikuja kumwita wakarudiane kwenye ampe. Takyiwaa akatikisa kichwa, akaendelea kungoja.