Mtu wa Mia Nne na Kumi na Tatu

Haya yalimkuta rafiki yangu mtakwimu, ambaye tangu dada yake aolewe mbali alikuwa akiishi peke yake, hana hata wa kugombana naye. Jumla za majedwali zikicheza, hakujali. Kompyuta ikikadiria desimali, asilimia mia huweza kusomeka mia nukta moja. Chini ya jedwali huandika maelezo ya kasoro hiyo, maneno yaleyale, akasonga mbele.

Jumamosi moja mchana alikuwa nyumbani akimalizia hesabu ya watu wa mtaani kwake. Kaya za mtu mmoja: 412. Watu waishio humo: 413. Alikuwa ameshaandika maelezo yake ya siku zote ndipo akashtuka. Watu hawana desimali.

Akapitia kaya mojamoja hadi akakwama kwenye yake mwenyewe. Fomu ilisema mtu mmoja. Kompyuta ilihesabu wawili. Akarudia, wawili.

Nje mvua ilikuwa imeleta giza, kisha umeme nao ukakatika. Kimya kikatanda, ikabaki saa ya ukutani tu. Akampigia simu karani aliyekuja kumhesabu.

"Niliandika mmoja kama ulivyosema, dada," karani akajibu. "Yule wa chumbani sikumwandika."

"Chumbani hakukuwa na mtu."

Karani akatega sikio.

"Basi, dada, tusibishane," akasema kwa upole. "Ila mpeleke hospitali. Namsikia hapo nyuma yako, kikohozi chake bado hakijapona."